Yatokanayo: Somo juu ya Kazi za Baraza la Mji

Watu wengi wakisikia tangazo kwamba Baraza la Madiwani la mji wao litakutana Alhamisi, hawaulizi litazungumza nini. Huona ni shauri la wakubwa. Lakini siku mtaro wa nyuma ya nyumba yao unapoziba, na maji machafu yakaingia jikoni, ndipo huuliza kwa hasira, "Hivi Baraza linafanya kazi gani?" Swali hilo ni jema, ila limechelewa kuulizwa. Leo twapenda kulijibu kwa utaratibu, maana ni jambo linaloigusa kila nyumba, wala si gumu kama wengi wanavyodhani.

Kwanza tujue Baraza ni nini. Katika Tanzania Bara miji iliyopewa hadhi ya halmashauri, iwe ya mji, ya manispaa au ya jiji, huendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya mwaka 1982. Nayo Katiba, katika ibara za 145 na 146, yasema wazi kwamba vyombo hivi vipo ili madaraka yapelekwe kwa wananchi. Wajumbe wa Baraza ni Diwani wa kila kata, aliyechaguliwa kwa miaka mitano. Tena madiwani wanawake wa Viti Maalum. Tena Mbunge wa jimbo. Katika mji mdogo humchagua mmoja wao awe Mwenyekiti. Katika manispaa na jiji huitwa Meya. Mkurugenzi hachaguliwi na madiwani wala na wananchi. Yeye huteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa Baraza na mkuu wa watumishi wote. Ukilielewa hilo umeelewa mengi: madiwani wana uamuzi, Mkurugenzi ana kalamu na ofisi. Wakipatana, mji huenda mbele. Wasipopatana, barua hulala mezani hata karatasi zikageuka rangi.

Labda msomaji atasema, "Je, hatungeweza kuishi bila mabaraza haya, Serikali Kuu ikafanya yote?" Jambo hilo lilikwisha jaribiwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na punde mabaraza ya miji yakafuata. Kazi zake zikawekwa chini ya maofisa wa wilaya na mikoa, ambao shabaha yao kubwa ilikuwa maendeleo ya vijijini. Nia haikuwa mbaya. Lakini mji ni kama nyumba yenye watoto wengi: usipofagiwa leo, kesho hautazamiki. Mitaro ilijaa, taka hazikuzolewa, barabara zilibomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaishika nchi. Mwaka 1978 Bunge likatunga sheria ya kuyarudisha mabaraza ya miji, na halmashauri za wilaya zikafuata baada ya sheria za mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mazungumzo na waandishi mwaka 1984, alisema kwamba kama angeanza upya, kuna mambo ambayo asingeyafanya: moja ni kuvunja serikali za mitaa, na jingine ni kuvunja vyama vya ushirika. Si viongozi wengi wanenao hivyo juu ya kazi yao wenyewe.

Kilichokosekana miaka ile hakikuwa mipango mikubwa, maana mipango ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni yule mtu mwenye wajibu wa kuuliza kila baada ya miezi mitatu: mtaro wa soko umezibuliwa?

Basi, tushike jambo moja dogo tulifuate njia yake. Tuseme choo cha soko kimejaa. Kina mama wanaouza mboga tangu alfajiri hadi jioni hawana pa kujisitiri, wala mama lishe hana maji ya kunawa. Jambo hilo lafaa lianzie katika mkutano wa mtaa, mbele ya Mwenyekiti wa Mtaa na Afisa Mtendaji wake, liandikwe katika muhtasari. Kutoka hapo hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa mitaa huketi pamoja, Diwani akiwa mwenyekiti na Mtendaji wa Kata akiwa katibu. Halafu hufika kwa wataalamu wa Mkurugenzi: bwana afya aseme hatari yake, mhandisi aseme gharama, mweka hazina aseme kama fedha ipo. Kisha huingia katika kamati za kudumu. Miji huwa na Kamati ya Fedha na Uongozi, Kamati ya Uchumi, Afya na Elimu, na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Kamati ya Fedha hukutana kila mwezi, maana ndiyo inayotazama mapato na matumizi. Mwisho jambo huletwa mbele ya Baraza zima, ambalo hukaa katika mkutano wa kawaida kila robo ya mwaka.

Njia ni ndefu, nasi hatusemi vinginevyo. Walakini kila kituo kina faida yake, kwa kuwa choo kisichopimwa na mhandisi hubomoka, na kisichopitia kwa mweka hazina huishia msingi. Hatari haimo katika urefu wa njia. Imo katika vituo ambamo jambo laweza kupotea bila mtu kujua.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno tulilolitia katika kichwa cha somo hili. Ukipata kabrasha la mkutano wa Baraza, utaona mwanzoni dua, kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Kisha agenda yenye jina la "Yatokanayo". Wageni husinzia hapo, na wapiga picha hawajafika bado. Lakini katika Baraza zima hakuna agenda yenye nguvu kuliko hiyo. Ndani yake kila jambo lililoamuliwa miezi mitatu iliyopita hutajwa tena, na mbele yake huandikwa limefikia wapi. "Choo cha soko: Baraza liliagiza kijengwe." Halafu katika safu ya pili huandikwa jibu la ofisi.

Majibu hayo yana lugha yake, na raia yafaa aijue. "Kimejengwa na kinatumika" ni jibu. "Mkandarasi amepatikana, kazi itaanza tarehe fulani, kwa fedha kiasi fulani" nalo ni jibu. Lakini "utekelezaji unaendelea" si jibu, ni pazia. "Jambo linafanyiwa kazi", nani anayelifanyia, na tangu lini? "Mchakato umeanza", lakini mchakato usio na tarehe waweza kuanza kila mwaka. Tumepata kusikia mambo yaliyokaa katika Yatokanayo mkutano baada ya mkutano, maneno yale yale yakihamishwa kutoka karatasi hadi karatasi, mpaka siku moja jambo lenyewe likatoweka orodhani bila kutekelezwa wala kufutwa kwa uamuzi. Hapo ndipo choo kilipofia. Hakikuuawa na mtu mwenye nia mbaya. Kilikufa kwa kuwa hakuna aliyeinua mkono.

Kwa sababu hiyo sisi tunampima Diwani kwa kipimo ambacho si cha wengi. Yuko Diwani msemaji hodari, ambaye akisimama ukumbi hutikisika, na magazeti humwandika. Yuko na mwingine asiye na sauti kubwa, bali mkobani mwake mna mihtasari ya miaka miwili, naye huuliza tu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, katika ukurasa wa nne tuliambiwa kazi itakwisha Machi. Sasa ni Juni." Huyo wa pili hushangiliwa mara chache. Lakini watumishi wa ofisi humjua vizuri, na mambo ya kata yake hayapotei orodhani kwa urahisi.

Twende kwenye fedha, maana choo hakijengwi kwa maneno. Sehemu kubwa ya fedha za miji midogo hutoka Serikali Kuu, hasa mishahara. Lakini kuna fungu linaloitwa mapato ya ndani: ushuru wa masoko na stendi, leseni za biashara, ada za machinjio, vibali vya ujenzi na mengineyo. Katika fungu hilo sheria hutaka asilimia 10 iwekwe kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Hivyo ushuru ukivuja, kinachopungua si choo tu. Hata mkopo wa kikundi cha kina mama hupungua.

Tufanye hesabu ndogo, si ya mji wowote, ila ya kujifunzia. Soko lina meza 200, na kila meza hutozwa shilingi 500 kwa siku. Hiyo ni shilingi 100,000 kwa siku. Mkusanyaji akipokea fedha ya meza 40 bila kutoa risiti ya mashine, shilingi 20,000 zimeingia mfukoni. Kwa siku 300 za mwaka hizo ni shilingi milioni 6. Muuzaji aliyekubali kulipa 300 bila risiti ajione amepata faida ya 200. Kumbe ameuza choo chake mwenyewe. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huzikagua halmashauri zote kila mwaka, na madiwani hukaa kujadili hoja zake. Lakini yeye hukagua kilichoandikwa. Shilingi ambayo haikuandikwa popote ni vigumu kwake kuikamata. Anayeiona ni yule mwenye meza.

Yafaa pia tuwe waadilifu katika kulaumu. Wako wanaomtukana Diwani kwa kila shimo la barabara, hali tangu Julai 2017 barabara za miji na vijiji ziko mikononi mwa wakala wa Serikali uitwao TARURA. Kodi ya majengo nayo, tangu mwaka 2021, hukatwa mtu anunuapo umeme, wala haikusanywi na mgambo wa mji. Maji yana mamlaka yake. Diwani aweza kuyasemea hayo, naye anapaswa kuyasemea, bali hana amri juu yake. Vilivyobaki mikononi mwa Baraza ni hivi vya karibu: taka, mitaro ya masoko, machinjio, makaburi, zahanati, shule za msingi, viwanja. Wengine huviona vidogo. Aliyemzika mtoto kwa kipindupindu havioni vidogo. Na ugonjwa huo bado tunao, kama tulivyoona ulipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani.

Baraza pia hutunga sheria ndogo, mathalani juu ya usafi au mifugo izururayo mjini. Kabla hazijapelekwa kwa Waziri kuidhinishwa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni na pingamizi. Tangazo hubandikwa, watu hupita. Miezi kadhaa baadaye mbuzi akikamatwa, mwenye mbuzi huapa kwamba hakuambiwa.

Je, raia aweza kuingia katika mkutano wenyewe? Ndiyo. Mkutano wa Baraza ni wa hadhara, isipokuwa pale Baraza linapoamua kukaa kama kamati, kwa mfano kujadili nidhamu ya mtumishi. Hapo wageni hutolewa nje. Mgeni huketi kimya, hasemi wala hashangilii. Mwenye swali humpa Diwani wake siku nyingi kabla, kwa maandishi, naye akae na nakala. Si lazima waende watu mia. Mzee mmoja wa mtaa na mama mmoja wa soko, wenye daftari na kalamu, wakiketi nyuma ya ukumbi kila robo ya mwaka na kuandika majibu ya Yatokanayo, watakuwa wamefanya kazi ambayo maandamano hayaifanyi.

Neno moja juu ya majira, kwa kuwa wengi hukosea hapo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Makadirio hupitishwa na Baraza mapema katika mwaka, kabla ya mkutano wa Bunge la bajeti unaoanza Aprili. Na kabla ya hapo yamekwisha pita mtaani, katani na kwenye kamati. Kwa hiyo anayetaka choo cha soko kijengwe mwaka ujao wa fedha, amwendee Mwenyekiti wake wa Mtaa, mmoja wa wale waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, na jambo liandikwe kabla ya Noeli. Akilitaja baada ya Pasaka atakuta hesabu zimefungwa, na kina mama wa mboga watangoja mwaka mwingine.