SOMO: MAHITAJI YA MTAMBO WA KUONYESHEA PICHA UNAOTUMIA LINUX



Chama kinachotaka kuwaonyesha wanachama wake filamu za mafunzo hakilazimiki kununua kompyuta ya gharama kubwa. Hata hivyo, kabla ya fedha kuidhinishwa, hapana budi kutofautisha mambo mawili: mahitaji ya kuendesha mtambo, na mahitaji ya kuujenga mfumo wake. Asiyeyatenga mambo hayo aweza kulipia vifaa ambavyo havitatumika kamwe.

1. Programu zake

Linux ni kiini cha mfumo wa kompyuta kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Ufini. Juu yake hukaa Kodi, programu ya kuchezesha picha na sauti, iliyoitwa XBMC hadi mwaka 2014. LibreELEC, iliyoanza mwaka 2016, huviunganisha viwili hivyo kuwa mfumo mmoja mdogo usiofanya kazi nyingine. Programu hizi hupatikana bila malipo. Basi, ikiwa hati ya makadirio ina kifungu cha "bei ya programu", kihojiwe. Ifahamike pia kwamba Kodi haiji na filamu. Filamu ni juu ya chama chenyewe.

2. Mahitaji ya kuendesha

Tuchukue mfano wa Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2019. Yahitajika:

(a) Kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 2, hiyo yatosha.
(b) Kadi ndogo ya gigabaiti 16 kwa ajili ya mfumo. Filamu ziwekwe kwenye diski ya nje. Matundu yote ya USB ya kompyuta hii kwa jumla hutoa ampea 1.2 tu, hivyo diski kubwa iwe na umeme wake yenyewe.
(c) Umeme wa volti 5 na ampea 3, yaani wati 15. Chaja dhaifu ya simu haifai: alama ya radi ikionekana kwenye skrini, umeme haufiki kwa kiasi kinachotakiwa.
(d) Televisheni au projekta yenye tundu la HDMI, pamoja na kebo yenye kichwa kidogo upande wa kompyuta.

Aina ya filamu nayo ichunguzwe. Kompyuta hii ina sehemu maalumu ya kufumbua filamu za H.264 na HEVC, lakini haina ya AV1. Filamu ya AV1 huiachia prosesa kuu kazi yote, na picha huweza kukwama. Dawa yake si kuongeza kumbukumbu, bali kutafuta filamu ya aina inayofaa.

3. Mahitaji ya kujenga

Kujenga ni kuutengeneza mfumo mzima kutoka kwenye msimbo wake wa asili. Kazi hii hufanyika kwenye kompyuta nyingine yenye nguvu, inayotumia Linux, yenye prosesa ya viini vingi, nafasi ya makumi ya gigabaiti kwenye diski, na intaneti ya kupakua vifurushi vingi vya msimbo. Huchukua saa kadhaa. Ifanywe kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida, si ya msimamizi mkuu.

Anayehitaji kujenga ni yule anayetaka kuubadili mfumo wenyewe. Asiyetaka hilo hupakua mfumo uliokwisha kujengwa, akauandika kwenye kadi, na kazi ikaanza.

4. Utunzaji

Mtambo uzimwe kwa amri yake kabla ya kukata umeme. Umeme ukikatwa ghafla, kadi yaweza kuharibika. Kadi ya pili iliyokwisha kuandikwa iwekwe akiba kabatini.

Maswali ya kujadiliana

1. Filamu zetu ni za aina gani?
2. Je, umeme wetu watosha mtambo, diski na televisheni kwa pamoja?
3. Katika makadirio tuliyopewa, ni vifaa vipi vya kuendesha, na vipi ni vya kujenga?

Swali la tatu lijibiwe na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano kabla ya hundi kutiwa saini.