Chuo cha Paine na mwanafunzi wake wa kwanza

Tunaposimulia mwanzo wa misioni ya Wamethodisti ya Wembo-Nyama, katika Sankuru, tunamtaja askofu Mzungu Walter Russell Lambuth. Mwenzake wa safari hatajwi sana. John Wesley Gilbert alikuwa Mmarekani Mweusi, mwalimu wa Kigiriki, na mwanafunzi wa kwanza wa chuo kidogo cha mji wa Augusta, jimbo la Georgia, Marekani. Ili kueleza jinsi mtu wa namna hiyo alivyofika Kasai, inabidi kuanza na chuo chake.

Chuo cha Paine kiliundwa mwaka 1882 na makanisa mawili. Moja lilikuwa la Wamethodisti Wazungu wa Kusini, waliokuwa wametengana na ndugu zao wa Kaskazini kwa sababu ya utumwa. La pili liliundwa mwaka 1870 na Wamethodisti Weusi waliotoka utumwani. Askofu wa kanisa hili la pili, Lucius Holsey, aliyezaliwa mtumwa, ndiye aliyesukuma sana shauri la chuo. Michango ya kwanza aliyoileta ilikuwa dola 7.15 kutoka kwa waumini wa Virginia na dola 8.85 kutoka Georgia Kusini. Baadaye tajiri mmoja wa Missouri, Moses Payne, alitoa dola 25,000. Nadhani tofauti ya hesabu hizo inaeleza mengi kuhusu utawala wa chuo: wakuu wake wa kwanza walikuwa Wazungu, na mkuu wa kwanza Mweusi, Lucius Pitts, aliingia mwaka 1971.

Masomo yalianza Januari 1884 katika vyumba vya kupanga. Gilbert alihitimu 1886, wa kwanza wa wote, akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Brown, kisha 1888 akarudi Paine kufundisha. Alikuwa mwalimu wa kwanza Mweusi hapo. Mwaka 1890 alikwenda Athens, katika shule ya Wamarekani ya elimu ya Ugiriki ya kale, akashiriki kuchimbua mabaki ya mji wa Eretria.

Kwa nini Kigiriki? Vyuo vya aina ya Paine havimfungi kijana katika ufundi mmoja: humpitisha katika lugha, historia, hesabu, sayansi na falsafa. (Sisi neno «humanités» tumeliachia shule ya sekondari, kule mambo hayo huendelea hadi digrii.) Kusini mwa Marekani walikuwapo wengi waliosema Mtu Mweusi afundishwe kazi za mikono tu. Basi sarufi ya Kigiriki mkononi mwa mtoto wa mtumwa ilikuwa jibu kwao.

Lakini chuo kilikua polepole, na sababu moja ilikuwa nje ya uwezo wake. Mwaka 1897 halmashauri ya shule ya eneo la Augusta iliifunga sekondari ya serikali ya Weusi. Wazazi walishtaki, na mwaka 1899 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa kisogo. Kwa hiyo Paine, ingawa ilipata jina la koleji mwaka 1903, iliendelea kubeba madarasa ya sekondari kwa miaka mingi. Chuo kinachofanya kazi ya shule mbili kwa fedha ya shule moja hakiwezi kukimbia.

Mwaka 1911 Lambuth alimchukua Gilbert kuja Kongo. Walifika Luebo, kwa Wapresbiteri, kisha wakatembea kwa miguu pamoja na wapagazi Wakristo wiki kadhaa, wakafika kwa chifu Wembo-Nyama wa Batetela mwanzoni mwa Februari 1912. Mpango ulikuwa misioni ya makanisa yote mawili, Weusi na Wazungu pamoja, kama chuo chenyewe.

Haikuwa hivyo. Wamisionari walioandamana na Lambuth kuifungua misioni mwaka 1914 walikuwa Wazungu. Gilbert hakurudi, alifariki mwaka 1923. Tusisahau hali ya siku zile: mwaka 1909 William Sheppard, mmisionari Mweusi wa Wapresbiteri, alishtakiwa na Kampuni ya Kasai kwa alichoandika juu ya mateso ya Bakuba. Alishinda kesi, lakini sidhani kwamba baada ya hapo watawala Wabelgiji walitamani kuona Mmarekani Mweusi mwingine msomi katika Kasai.

Paine ilibaki ndogo. Ilitoa watu kama Frank Yerby, mwandishi wa riwaya, na mwandishi wa habari Louis Lomax. Mwaka 2016 shirika linalothibitisha vyuo vya Kusini lilipiga kura kuiondoa katika orodha yake kwa sababu ya hali ya fedha. Chuo kikaenda mahakamani, na baadaye kikatafuta uthibitisho kwa shirika jingine. Kanisa la chuo, lililojengwa mwaka 1968, lina majina ya wasafiri wawili wa Wembo-Nyama: Gilbert-Lambuth, na Gilbert ndiye wa kwanza.