SOMO LA AFYA: DAMU ISIYOGANDA



Mwezi wa Desemba, shule zikifungwa, vijana wengi wa Kisii na Nyamira hutahiriwa. Karibu wote hupona vizuri. Lakini hutokea mmoja ambaye kidonda kinavuja damu siku tatu, siku nne, na jamaa wanaanza kumtafuta aliyemroga. Somo hili ni la kumwokoa kijana huyo.

1. Damu hugandaje?
Ndani ya damu mna protini za kuigandisha, nazo zimepewa namba. Hufanya kazi kama watu waliopanga mstari kupitisha matofali siku ya kujenga kanisa: huyu anampa yule. Akikosekana mmoja katikati, matofali hayafiki na ukuta hausimami. Mwenye ugonjwa wa hemofilia amepungukiwa na protini namba 8 au, kwa wachache, namba 9. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya wengine, ila inachelewa sana kukoma.

2. Unatoka wapi?
Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mama anaweza kuubeba bila kuugua, na kila mtoto wake wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Tena karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana ndugu mwenye ugonjwa huo. Basi si uchawi, si laana, na mama asilaumiwe.

3. Dalili
- Mtoto anayetambaa kupata uvimbe na alama nyeusi ovyo ovyo.
- Magoti au viwiko kuvimba na kuuma.
- Jino likitoka, damu haikomi.

4. Dawa
Protini inayokosekana inaweza kutolewa katika damu ya watu wengine, ikasafishwa na kukaushwa iwe unga. Hospitalini huchanganywa na maji maalum na kudungwa mshipani. Miaka ya 1980 wagonjwa wengi ulaya na Marekani waliambukizwa Ukimwi kwa dawa hii. Tangu hapo viwanda huua virusi kwanza. Ni ghali mno, kwa hivyo Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa 1963, hutoa msaada wa dawa kwa nchi nyingi. Hapa Kenya, Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na ya Moi, Eldoret, huwahudumia wagonjwa hawa.

5. Tufanye nini?
- Ikiwa mjomba au kaka alivuja damu sana, kijana apimwe kabla ya kutahiriwa.
- Damu ikitoka: bana kwa kitambaa safi, mpumzishe, mpeleke hospitali upesi. Usimpe aspirini. Usimchanje.
- Akigonga kichwa, msingoje damu ionekane. Nendeni mara moja.

Maswali ya kujadili
(a) Je, kijijini kwetu kuna kijana aliyefichwa kwa sababu ya kuvuja damu?
(b) Kikundi kinaweza kutenga kiasi gani cha nauli ya kumfikisha hospitali?