SOMO LA IJUMAA: BIDONI NA MAJI YA KUNYWA



Katika Hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.), Mtume (s.a.w.) alituamuru tufunike vyombo na tufunge midomo ya viriba usiku uingiapo. Kwetu sisi wa Bukavu, kiriba ni bidoni. Tazameni ndani yake: kwenye ule utelezi wa kijani ndiko vijidudu vinakokaa, na maji mapya yakimiminwa humo yameharibika tayari.

Mkono haupiti mdomoni. Basi tieni changarawe safi, sabuni na maji kidogo, mtikise kwa nguvu, mmwage, msuuze mpaka povu liishe. Mfuniko nao usuguliwe; wengi huusahau. Bidoni iliyobeba dawa ya shamba isitiwe maji ya kunywa kamwe.

Maji yenye tope wakati wa mvua yaacheni yatulie, myachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha myachemshe. Wala msidanganyike na weupe wa maji ya Ziwa Kivu: mwaka 1994, kule Goma, wakimbizi waliyanywa, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu.

Tena Mtume (s.a.w.) alikataza kunywa kwa kutia kinywa kwenye mdomo wa kiriba. Watoto wa madrasa, kila mmoja aje na kikombe chake.