PANDA MVINJE SHAMBANI, MIKOKO IPUMZIKE

Ndugu mkulima, pengine shamba lako katika skimu ya makazi li mbali kidogo na bahari, nawe husema, "Habari za mikoko ni za wavuvi." Sivyo. Jiulize: boriti za nyumba yako zilitoka wapi? Na kuni je? Na samaki unaonunua sokoni?

1. Kazi ya mikoko

Mikoko humea kwenye tope, mahali ambapo maji ya bahari hujaa na kupwa. Mizizi yake hushika udongo na kupunguza nguvu ya mawimbi. Katikati ya mizizi hiyo kamba, kaa na samaki wachanga hupata maficho na chakula. Msitu ukikatwa ovyo, pwani huliwa na mawimbi, na mvuvi hurudi na dema tupu. Ndipo bei ya samaki hupanda, nawe ukaumia.

2. Mfano wa Gazi

Katika miaka ya 1970, mikoko mingi ya Gazi, Kwale, ilikatwa iwe kuni za viwanda. Mahali pengine palibaki tope tupu. Mwaka 1991 wataalamu wa bahari walianza kuipanda tena huko. Baadaye wanakijiji wa Gazi na Makongeni waliunda mpango uitwao Mikoko Pamoja, wa kutunza hektari 117, yaani karibu eka 290. Miti hiyo huvuta hewa ukaa na kuizika topeni, na watu wa nchi za mbali hulipa ili itunzwe. Fedha hizo zimeleta maji na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mpango huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini angalia jambo moja. Watu wa Gazi hawakuacha kupika wala kujenga. Kwa hiyo walipanda pia mivinje, ili wapate miti bila kuingia msituni. Bila hivyo, makatazo peke yake hayafai kitu.

3. Kazi yako

Kwanza, tafuta miche ya mvinje katika kitalu kabla ya masika. Mti huu huvumilia mchanga wetu wa pwani.

Pili, panda kwa nafasi ya mita 2 na nusu kila upande. Mwaka wa kwanza unaweza kupanda kunde katikati.

Tatu, palilia, na zuia mbuzi.

Nne, usikate mikoko bila kibali cha afisa wa misitu. Ukinunua boriti, muulize mwuzaji kibali chake.

Wengine watasema mchwa hauogopi mvinje kama unavyoogopa mkoko. Ni kweli. Lakini kwa pau, fito na kuni, mvinje unatosha, na baada ya miaka michache utakuwa na miti ya kuuza. Hata robo eka ni mwanzo mzuri.

Maswali ya kujibu nyumbani

(a) Kwa mwezi mmoja, nyumba yako hutumia mizigo mingapi ya kuni?
(b) Hutoka wapi?
(c) Ni sehemu gani ya shamba lako isiyolimwa, inayoweza kupandwa mivinje?

Ukishayajibu, njoo ofisi ya kilimo kabla ya mvua. Wengi huja kuuliza mbegu za mahindi. Tungependa kuona wengi pia wakiuliza miche ya mvinje.