Kwa Mmoja, kwa Kundi, kwa Wote: Istilahi Tatu za Kufikisha Ujumbe

Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya familia wakapoteza nyumba. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda na kuingia mitaa ya kandokando. Katika mji uliobanwa kati ya milima na ziwa, onyo likichelewa watu hufa. Hata hivyo sisi husema tu “tuma ujumbe”, ilhali mtandao wa simu una njia tatu zisizofanana.

1. Njia tatu

Utumaji kwa mmoja ndio SMS ya kawaida. Kuonya watu 1,000 ni kurudia ujumbe mara 1,000, na foleni hurefuka.

Katika utumaji kwa wote, mnara hutoa ujumbe mara moja, na kila simu iliyo chini yake yenye uwezo wa kuupokea huuonyesha. Namba za wapokeaji hazihitajiki.

Utumaji kwa kundi huwafikia waliojiunga tu. Nakala moja husafiri njia ya pamoja, na hugawanywa pale njia zinapoachana, kama matawi ya mti. Steve Deering aliuandikia utaratibu wake wa intaneti mwaka 1989. Kundi la WhatsApp halifanyi hivyo hasa: seva hupelekea kila simu nakala yake.

2. Mpokeaji anayetembea

Mtu akitoka Kavimvira kwenda Kalundu hubadilisha mnara. Tawi la zamani hukatwa na jipya huunganishwa. Katikati, ujumbe unaweza kupotea. Karibu na mpaka, simu ikinasa mnara wa Burundi, haitasikia onyo linalotolewa kwa wote na minara ya Uvira, hata kama mwenyewe amesimama Uvira.

Tena, wapokeaji wote wakiitikia kwamba wamepata, majibu yao yatauziba mtandao. Dawa yake ni kuzipa jumbe namba. Aliyepata ya 2 kisha ya 4 hujua kuwa ya 3 imempita, naye peke yake huiomba.

3. Kazi ya neno

Yambwa ya “tuma” ni kinachotumwa: “ninamtuma mtoto sokoni”. Mpokeaji huhitaji kauli ya kutendea: “ninamtumia mtoto ujumbe”. Hapo tunagongana na “tumia” ya matumizi: je, “kutumia kundi” ni kulipelekea ujumbe au ni kulifanya chombo? “Kutangaza” nako hueleza tendo la msemaji bila kutaja aliyefikiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza “utumaji kwa mmoja”, “kwa kundi” na “kwa wote”. Ni kweli kwamba “kwa” huweza kuonyesha namna, kama katika “kwa pamoja”; lakini istilahi tatu zikisomwa sambamba, maana ya mlengwa hutulia.

Hitimisho

Ofisi ikisema “tumewatumia wananchi SMS”, imewafikia wale tu ambao namba zao zimo katika orodha. Aliyehamia jana kutoka Fizi na kununua laini mpya hayumo. Istilahi sahihi hutulazimisha kuuliza mapema: ujumbe umetumwa kwa nani, na nani ameachwa nje?

Zoezi

Andika onyo la mafuriko lisilozidi maneno 15, mara moja kwa kundi la wavuvi na mara moja kwa wote. Eleza ni maneno gani yamebadilika, na kwa nini.