Kifafa hakiambukizi



Mtu wa kifafa akianguka, wengi wanakimbia. Wanasema povu lake linaambukiza, ao kwamba amelogwa. Basi mtoto anaangukia mbabula, anaungua, na hakuna anayemgusa.

Ukweli ni huu: kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa mate, kwa mkojo, wala kwa kula sahani moja.

Mtu akianguka, fanyeni hivi:

1. Mumwondoe penye moto, maji ao mashine.
2. Muweke nguo laini chini ya kichwa.
3. Msimtie kijiko mdomoni, msimkaze kwa nguvu.
4. Kutetemeka kukiisha, mumlaze ubavu, mkae naye mpaka apate fahamu.
5. Kutetemeka kukipita dakika 5, mumpeleke hospitali mbio.

Dawa iko. Fenobarbitali inatumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na bei yake ni ndogo. Inanywewa kila siku; kuiacha ghafula ni hatari.

Mfanyakazi wa kifafa asipande juu wala asishike mashine; kazi nyingine nyingi anaziweza. Mtoto aende masomo, ale pamoja na ndugu zake. Tukimficha nyumbani, dawa haitamfikia.